Kabla ya kuuliza nani mrushaji bora, uliza kilima kilikuwa na urefu gani

Kila ninapopokea kundi jipya la vijana wa kuwafundisha kurusha, swali la mwanzo huwa lilelile: nani mrushaji bora katika historia ya besiboli? Wengine huja na jibu tayari. Ni Cy Young, wanasema, kwa kuwa alishinda michezo 511. Wengine humtaja Nolan Ryan kwa kasi yake. Majibu hayo siyakatai, ila huwa nawaomba waniambie kwanza sheria za siku hizo zilikuwaje. Namba ya mrushaji haijitegemei. Imebebwa na umbali aliorushia, udongo aliosimama juu yake, mpira aliopewa, na watu walioruhusiwa kuingia uwanjani.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira ukitoka mkononi kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, hufika kabla nusu sekunde haijaisha. Mpigaji akikosa kuupiga, au akiuacha ukapita katika eneo halali, hiyo ni straiki. Zikitimia tatu, ametoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana, na kila timu hupata zamu tisa za kupiga. Kipimo kikuu cha mrushaji ni wastani wa pointi anazofungwa katika kila zamu tisa, bila kuhesabu zile zilizotokana na makosa ya walinzi uwanjani. Chini ya 3 ni mzuri. Chini ya 2 kwa msimu mzima ni adimu sana.

Sasa tuanze na huyo Cy Young. Jina lake la kuzaliwa ni Denton True Young, mtoto wa shamba kutoka Ohio, aliyezaliwa 1867. Alirusha katika ligi kuu kuanzia 1890 hadi 1911. Ili umfikie, ungepaswa kushinda michezo 20 kila mwaka kwa miaka 25, kisha uongeze 11. Huwa nawaeleza pia upande wa pili ambao vijana hawausomi: ndiye anayeongoza hata kwa kupoteza, michezo 315. Haishangazi, kwani zama zake mrushaji aliyeanza mchezo ndiye aliyeumaliza. Young alimaliza mwenyewe michezo 749. Leo mrushaji akimaliza mitatu au minne kwa msimu anasifiwa.

Lakini kilichonifanya nimheshimu zaidi si hiyo 511. Mwaka 1893 ligi iliwasogeza warushaji nyuma hadi umbali huu tunaoujua leo. Awali walirusha kutoka karibu zaidi, wakiwa ndani ya kisanduku kilichochorwa ardhini. Ni katika enzi za kisanduku hicho ambapo Charles Radbourn wa timu ya Providence alishinda karibu michezo 60 katika msimu mmoja wa 1884. Umbali ulipoongezwa, warushaji wengi walipotea. Young alikuwa ameshinda 36 mwaka 1892. Mwaka 1893, kutoka mbali zaidi, akashinda 34. Huo ndio ushahidi wa ukubwa wake.

Tarehe 5 Mei 1904, akiwa Boston, alirusha mchezo kamili: wapigaji 27 wa Philadelphia walikuja na 27 wakatoka, bila hata mmoja kufika besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji. Wa mwisho kutoka alikuwa Rube Waddell, mrushaji wa upande wa pili, kwani siku hizo warushaji nao walipiga. Kuanzia 2022 ligi zote mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani zina mpigaji maalumu anayechukua nafasi hiyo, kwa hiyo mwisho wa namna ile si rahisi kuuona tena. Na ingawa tuzo ya mrushaji bora wa mwaka ina jina lake tangu 1956, Young hakuwemo katika watano wa kwanza kuchaguliwa kuingia Ukumbi wa Heshima mwaka 1936. Warushaji waliochaguliwa siku hiyo ni Christy Mathewson na Walter Johnson. Yeye alisubiri hadi 1937.

Walter Johnson wa Washington ana rekodi ninayoamini haitavunjwa na yeyote: michezo 110 ambayo wapinzani hawakupata hata pointi moja. Mikono yake ilikuwa mirefu, na alirusha kwa ubavu, mpira ukitokea chini ya bega. Mwaka 1913 alishinda 36 na kupoteza 7. Timu yake ilifunga kwa shida, ndiyo maana katika maisha yake alishinda michezo 38 kwa 1–0. Hapa tena nauliza habari za mpira wenyewe. Kabla ya 1920, mpira mmoja ulitumika hadi ukawa mweusi na laini, na mrushaji aliruhusiwa kuutemea mate ili upinde njiani. Februari 1920 ligi ikapiga marufuku mate, isipokuwa kwa warushaji 17 walioachiwa waendelee hadi wastaafu. Wa mwisho wao, Burleigh Grimes, aliondoka 1934. Agosti mwaka huohuo wa 1920, Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira wa Carl Mays jijini New York, akafa kesho yake. Tangu hapo waamuzi walikazania kuondoa mipira iliyochafuka. Mpigaji akaanza kuuona mpira, na kazi ya mrushaji ikawa ngumu zaidi milele.

Sasa nifike pale ninapopenda kukaa: mwaka 1968 na Bob Gibson, mrushaji wa St. Louis.

Gibson alizaliwa Omaha, Nebraska, na kabla ya kutulia katika besiboli alicheza mpira wa kikapu na Harlem Globetrotters. Mwaka 1967 mpira uliopigwa na Roberto Clemente ulimvunja mguu. Kabla msimu haujaisha alirudi, na katika fainali za World Series akaishinda Boston mara tatu. Mwaka uliofuata akaweka wastani wa 1.12, akamaliza michezo 28 kati ya 34 aliyoianza, na katika 13 hakufungwa hata pointi moja. Oktoba 2, katika mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya Detroit, aliwatoa wapigaji 17 kwa straiki, rekodi ya fainali ambayo bado iko pale.

Vijana hushangaa ninapowaambia kwamba mwaka huo Gibson alipoteza michezo 9. Inawezekanaje, kwa wastani kama huo? Jibu ni kwamba kila mrushaji alikuwa anatawala. Septemba 17, jijini San Francisco, Gibson alifungwa pointi moja tu, lakini Gaylord Perry wa San Francisco hakuwaruhusu wenzake na Gibson kupiga mpira hata mmoja salama, yaani kuupiga na kufika besi. Kesho yake, katika uwanja uleule, Ray Washburn wa upande wa Gibson akawalipa San Francisco kwa kuwafanyia vilevile. Don Drysdale wa Los Angeles alirusha zamu 58 na theluthi mbili mfululizo bila kufungwa. Denny McLain wa Detroit alishinda michezo 31. Katika American League, mojawapo ya ligi zile mbili, bingwa wa wapigaji Carl Yastrzemski wa Boston alitwaa taji kwa wastani wa .301, yaani mipira salama kama mitatu katika kila mara kumi za kupiga, mdogo kuliko wa bingwa mwingine yeyote wa ligi kuu.

Wenye ligi wakaona watazamaji hawatalipa kiingilio kutazama wapigaji wakirudi benchi. Kwa msimu wa 1969 kilima kikapunguzwa kutoka sentimita 38 hadi 25, na eneo la straiki likabanwa. Sentimita 13 zinaonekana kidogo, lakini simama juu yake uone. Mrushaji hupata nguvu kwa kushuka: anakanyaga mbele na chini, na uzito wa mwili unasukuma mkono. Kilima kikiwa kirefu, mpira nao unashuka kwa pembe kali, wakati gongo la mpigaji linazunguka karibu sambamba na ardhi. Vitu viwili vinavyopita katika njia tofauti hukutana mahali padogo sana. Punguza kilima, na njia hizo zinakaribiana.

Wapo wanaosema basi 1.12 ni zao la kilima. Mimi siwaungi mkono. Mwaka 1969, juu ya kilima kifupi, Gibson alishinda 20 kwa wastani wa 2.18. Mwaka 1970 alishinda 23 na kutwaa tuzo ya Cy Young. Aliyeporomoka ni mrushaji wa kawaida. Gibson alibaki Gibson.

Kuna rekodi nyingine ambayo hakuna kilima wala mpira unaoweza kuieleza. Leroy “Satchel” Paige, aliyezaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906, aliingia ligi kuu Julai 1948 akiwa na miaka 42. Ukisoma tu mstari wake wa ligi hizo, utaona ushindi 28 na vipigo 31, na utapita. Usipite. Miaka ishirini na zaidi kabla ya hapo alirusha katika Ligi za Weusi, na katika ziara za maonyesho Marekani nzima na nchi za Karibea, kwa sababu miaka hiyo timu za ligi kuu hazikumchezesha mtu mweusi hata mmoja, hadi Jackie Robinson mwaka 1947. Mrushaji wa kwanza mweusi kupita mlango huo ni Dan Bankhead, Agosti 1947, akiwa Brooklyn. Alipigwa vibaya siku hiyo, lakini yeye mwenyewe alipokwenda kupiga mara ya kwanza aliupeleka mpira nje ya uzio.

Paige alipofika Cleveland, aliwashindia michezo 6 na kupoteza 1 katika nusu ya msimu, na timu ikachukua ubingwa. Oktoba hiyo akawa mrushaji wa kwanza mweusi kupanda kilimani katika World Series. Halafu kuna Septemba 25, 1965. Timu ya Kansas City ilimsajili na kumwekea kiti cha kubembea karibu na uwanja ili kuvuta watu. Alikuwa na miaka 59. Alirusha zamu tatu dhidi ya Boston bila kufungwa pointi, na aliyeweza kumpiga ni mmoja tu, Yastrzemski yuleyule. Hakuna aliyerusha katika ligi kuu akiwa na umri huo. Mwaka 1971 akaingia Ukumbi wa Heshima, wa kwanza kuchaguliwa kwa kazi yake ya Ligi za Weusi. Mwishoni mwa 2020 ligi kuu ilikubali kuzihesabu ligi hizo kuwa kuu, na mwaka 2024 takwimu zake zikaunganishwa rasmi. Ninalifurahia hilo kwa dhati. Hata hivyo michezo mingi ya Paige haikuandikwa popote, na namba hizo hazitarudi.

Nolan Ryan nitamtaja kwa ufupi, maana namba zake ziko kila mahali: wapigaji 5,714 aliowatoa kwa straiki katika misimu 27, na michezo 7 ambayo hakuruhusu mpira kupigwa salama, wa mwisho akiwa na miaka 44. Kisichotajwa sana ni kwamba hakuna aliyewapa wapigaji wengi besi ya bure (kwa kurusha mara nne nje ya eneo halali) kama yeye, 2,795, na kwamba hakuwahi kupata tuzo ya Cy Young hata mara moja.

Mkono wa Ryan ulidumu kuliko wa karibu kila mtu, na vijana wakitaka kumwiga huwa nawapeleka kwa wengine. Julai 2, 1963, Juan Marichal wa San Francisco na Warren Spahn wa Milwaukee walirusha hadi zamu ya 16 bila kubadilishwa, hadi Willie Mays alipopiga mpira uliovuka uzio na mchezo ukaisha 1–0. Marichal alirusha mara 227, Spahn 201. Spahn alikuwa na miaka 42. Kocha wa leo ni nadra amruhusu mrushaji azidi sana nusu ya hiyo. Sandy Koufax wa Los Angeles alishinda 27 mwaka 1966 kwa wastani wa 1.73, kisha akastaafu akiwa na miaka 30 kwa sababu ya yabisi kwenye kiwiko. Miaka minane baadaye, Septemba 1974, daktari wa timu hiyohiyo, Frank Jobe, alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John akaipandikiza kwenye kiwiko chake cha kushoto, ambacho kano yake ilikuwa imechanika. John alirudi 1976, akashinda michezo mingine 164, na aliondoka 1989 akiwa na miaka 46. Upasuaji huo sasa unaitwa kwa jina lake, na warushaji wengi wa ligi kuu wamepitia kisu hicho.

Siku hizi unafanyiwa hata wanafunzi wa sekondari huko Marekani, na hapo ndipo ninapowataka walimu wenzangu wa Afrika Mashariki wawe makini. Tangu vijana wa Lugazi, Uganda, walipofika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport mwaka 2012, watoto wengi zaidi wa kwetu wanataka kurusha kwa nguvu zote. Kanuni za mashindano hayo zinamruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kurusha mara 85 kwa siku, na akifika 66 lazima apumzike siku nne. Kwa wa miaka 13 hadi 16 kikomo ni 95. Mpe mtu mmoja kalamu na daftari, akae nyuma ya mdakaji, na ahesabu kila mrusho kuanzia wa kwanza.