Kuchonga giza: misheni za mashabiki wa Thief zinavyojengwa

Looking Glass Studios ya Cambridge, Massachusetts, ilitoa Thief: The Dark Project mwishoni mwa 1998, ikatoa Thief II: The Metal Age Machi 2000, na Mei mwaka huohuo ikafunga milango. Gemu zake hazikufa nayo. Wachezaji wameendelea kuzitengenezea misheni zao wenyewe, yaani ramani mpya za kucheza, hadi leo, na idadi yake imeshapita elfu moja. Hapa naeleza zinavyojengwa, na kwa nini misheni ya 2001 na ya 2023 zinatofautiana sana kwa macho ilhali kwa masikio ni ndugu.

Kwa asiyeijua: unamchezesha Garrett, mwizi anayeingia majumba ya matajiri usiku. Upanga anao, lakini akizungukwa na walinzi wawili mara nyingi hatoki. Anachotegemea ni giza na ukimya. Chini ya skrini kuna kito kinachong'aa unapokuwa mwangani na kufifia ukiingia kivulini. Zulia na nyasi humeza nyayo zako, marumaru na bati huzitangaza. Mshale wa maji huzima mwenge, mshale wa kamba hushika kwenye mbao. Anayejenga misheni anajenga kwa vitu hivyo: akiweka tekstura (picha inayofunika uso) ya bati sakafuni ameshaamua kwamba mahali hapo patapigiwa kelele, na akiweka boriti ya mbao darini amemfungulia mchezaji njia ya juu, awe amekusudia au hakukusudia.

Dunia ya jiwe

Kihariri, yaani programu ya kujengea ramani, walichotumia Looking Glass kinaitwa DromEd. Kilifika kwa umma mwaka 1999, na kikawekwa pia kwenye CD ya Thief Gold, toleo lililopanuliwa la gemu ya kwanza. Kilikuwa chombo cha ndani cha watengenezaji, hakikulainishwa kwa ajili ya wageni: amri nyingi huandikwa kwa mkono kwenye kisanduku cha chini, na kikikwama hujifunga bila onyo. Ndiyo maana anayeanza huambiwa kwanza ahifadhi kazi kila baada ya hatua kubwa, tena kwa jina jipya kila mara: kasri01, kasri02, kasri03. Kosa linaloonekana leo huenda lilizaliwa matoleo matatu nyuma, na aliyekuwa akihifadhi juu ya faili moja hana pa kurudi.

Katika injini ya Dark, programu inayoendesha gemu hizi, dunia mwanzoni ni jiwe gumu kila upande. Hujengi ukuta, unachimba chumba, kama mtu anayechimba pango. Kinachochimbia ni brashi: boksi unalolipa vipimo na kuliambia likijaze eneo lake hewa, jiwe au maji. Yuniti moja huchukuliwa kuwa kama futi moja. Chumba cha kwanza kinaweza kuwa brashi ya hewa ya 32 kwa 24, urefu wa kwenda juu 12. Chumba cha pili unakichimba pembeni, ukiacha jiwe kidogo katikati, na jiwe hilo ndilo ukuta. Kisha unatoboa tundu la mlango, upana 4, urefu 8, kwa sababu milango ya kawaida ya gemu ina vipimo hivyo.

Kinachowachanganya watu wengi ni zamu. Kila brashi ina namba yake ya zamu, na injini inazitekeleza kwa mfuatano huo. Ukichimba chumba zamu ya 1, kisha ukaweka brashi ya jiwe ya 2 kwa 2 kwa 12 zamu ya 2, unapata nguzo. Ukigeuza zamu hizo, nguzo inasimamishwa ndani ya jiwe, halafu hewa inaifuta. Kwenye kihariri brashi zote mbili zinaonekana mahali pake sawasawa. Ukiingia ndani ya gemu, nguzo haipo. Mtu anaweza kupoteza jioni nzima akikagua tekstura, kumbe ni namba moja tu. Waliozoea hupanga hivi: kwanza hewa kubwa ya mtaa na anga, kisha jiwe la jengo zima ndani ya hewa hiyo, kisha hewa ya vyumba ndani ya jiwe la jengo, na mwisho nguzo, ngazi na kingo za madirisha.

Jambo la pili ni gridi, mistari ya vipimo ambayo brashi hupangwa juu yake. Injini inaikata dunia yote kuwa seli ndogondogo, na kila seli inazaliwa pale nyuso za brashi zinapokutana. Brashi mbili zikipishana kwa sehemu ndogo ya yuniti, au ukizungusha moja kwa pembe isiyokaa kwenye gridi, kati yao inazaliwa seli nyembamba kama wembe. Dalili zake ni ukuta unaomweka mchezaji akwame bila sababu, ufa unaoonyesha upande wa pili, au amri ya kujenga kugoma kabisa. Dawa ni kurudisha kila brashi kwenye gridi kabla kazi haijakua. Baada ya brashi elfu moja, kuitafuta ile iliyoteleza ni kazi ya siku nyingi.

Mchezaji naye anahitaji pa kuanzia: weka kitu kiitwacho StartingPoint, kiunge na Garrett kwa kiungo cha PlayerFactory, weka taa, jenga, kisha bonyeza Alt+G uingie ndani. Bila kiungo hicho misheni haijui mwizi atokee wapi.

Ukomo uliochora miji

Toleo la awali la injini liliweza kuchora poligoni (nyuso bapa) 1024 za mandhari kwa mara moja. Zikizidi, baadhi ya kuta hazichorwi, na mahali pake yanabaki masalia ya picha iliyopita yakiburutwa kama rangi mbichi iliyopanguswa kwa mkono. Ukomo huo ndio uliotoa sura ya misheni za miaka ya mwanzo: mitaa miembamba, kona kila baada ya hatua chache, korido zenye mkunjo katikati ili macho yasifike mbali. Kuta zilikuwa bapa na mapambo haba. Tekstura zilikuwa za rangi 256, kwa hiyo jiji zima lilikuwa na rangi ya matope na kutu.

Naamini ufinyu huo uliwafundisha wajenzi kitu ambacho uhuru usingewafundisha. Mtaa wenye kona nyingi una vivuli vingi, na mchezaji husikia nyayo za mlinzi kabla ya kumwona. Gemu ya kunyata inataka hasa hayo.

Kilele cha enzi hiyo ni Thief 2X: Shadows of the Metal Age ya mwaka 2005, kampeni nzima ya misheni 13 yenye mhusika wake mpya, Zaya, na sauti zilizorekodiwa upya. Mwaka huohuo kilitoka kihariri cha Thief: Deadly Shadows, gemu ya tatu, ambayo Ion Storm waliitoa 2004. Misheni zake zimekuwa chache zaidi. Ramani zake zimekatwa vipande vinavyosubiri kupakiwa, na kwa mtu aliyezoea kasri zima bila mkatiko hilo lilikuwa kizuizi kikubwa.

Brashi za vyumba, au kwa nini mlinzi ni kiziwi

Hapa ndipo misheni za wanaoanza huanguka, na hapa ndipo naomba msomaji atulie. Kuchimba hewa hakutoshi. Juu ya kila eneo la hewa inabidi uweke aina nyingine ya brashi, brashi ya chumba. Haionekani wala haina ukuta. Kazi yake ni kuiambia injini kwamba hapa ni mahali, na mahali hapa panapakana na pale. Sauti katika Thief haipiti moja kwa moja hewani. Inasafiri kutoka brashi ya chumba hadi brashi ya chumba, kupitia mipaka zinapogusana.

Chukua jiko lenye sakafu ya marumaru, na nyuma ya ukuta wake korido yenye mlinzi. Kwa mstari ulionyooka, kati yenu ni futi 6. Kwa miguu, kutoka jikoni hadi kwa mlinzi unapita mlangoni, unavuka ukumbi, unaingia korido: futi 60. Ukiwa umeweka brashi tatu za vyumba, jiko, ukumbi na korido, nyayo zako zitasafiri futi zile 60 na kumfikia zimefifia. Ukiwa mvivu ukafunika jiko na korido kwa brashi moja kubwa, sauti itamfikia kwa futi 6 kana kwamba jiwe halipo, na mchezaji atashangaa mlinzi anakuja na upanga kwa nyayo ambazo hakupaswa kuzisikia. Ukisahau kabisa kuifunika korido, mlinzi anakuwa kiziwi. Unaweza kurukaruka juu ya marumaru asigeuke.

Kanuni zenyewe si nyingi. Kitovu cha brashi moja ya chumba kisiwe ndani ya brashi nyingine. Chumba chenye umbo la L kipewe brashi mbili. Mpaka wa brashi mbili uangukie mlangoni, ili mlango ukifungwa upunguze sauti inayopita hapo. Dari refu lifunikwe hadi juu, kwa sababu mchezaji atapanda kamba, na akifika sehemu isiyofunikwa sauti zote zitakatika ghafla. Kila mahali pajaribiwe: simamisha mlinzi upande wa pili, tembea, kimbia, ruka, kisha sikiliza anachosema.

Walinzi wenyewe wanahitaji njia. Unaweka alama ziitwazo TrolPt, unaziunganisha kwa kiungo cha AIPatrol kuwa mzunguko, kisha kwenye sifa za mlinzi unaweka tiki ya kufanya doria. Halafu unakokotoa upya hifadhidata ya njia, yaani rekodi ya mahali walinzi wanapoweza kupita. Hatua hii ya mwisho husahaulika kila mara mjenzi anapohamisha ukuta, na matokeo yake ni mlinzi anayetembea kuelekea mlango uliokuwapo jana, akisukuma jiwe.

Mwanga nao hukokotolewa wakati wa kujenga, na upo wa haraka na wa makini. Wa haraka hutoa vivuli vya kukadiria, unafaa kwa kazi ya kila siku. Lakini usipime ugumu wa misheni kwa huo. Kona iliyoonekana na giza inaweza kuwa na mwanga ukishapiga hesabu kamili, na njia yote uliyompangia mchezaji ikafa.

Mwaka 2012 na baada yake

Kufikia wakati huo injini ilikuwa inazeeka vibaya. Kwenye prosesa zenye viini vingi gemu ilianguka mpaka ulipoifunga itumie kiini kimoja. Kisha, Septemba 2012, mtu aliyejiita Le Corbeau alitoa kiraka (marekebisho ya programu) kisicho rasmi ambacho wote sasa wanakiita NewDark. Kiliondoa mianguko hiyo, kikaruhusu skrini pana na tekstura za rangi kamili, na kikapandisha ukomo wa poligoni mara nyingi. Hata namna ya kusakinisha ilibadilika: zamani programu ya DarkLoader ilimwaga faili za misheni ndani ya folda ya gemu na kuzirudisha baadaye, sasa kila misheni inakaa kwenye folda yake, haigusani na nyingine.

Kwa macho, tofauti ni ya usiku na mchana. Viwanja vikubwa vyenye minara mbali, matao yaliyochongwa, mabomba, nguo zilizoanikwa. The Black Parade, kampeni ya misheni 10 kwa Thief Gold iliyoongozwa na Romain Barrilliot, ilitoka Novemba 2023 gemu ilipotimiza miaka 25, na miji yake isingechoreka kabisa kwenye injini ya 1999. Lakini chini ya mapambo hayo yote zimo brashi zilezile za vyumba, zimewekwa kwa mkono, mlango kwa mlango.

Hata waliohama injini hawakulikwepa jambo hilo. The Dark Mod, gemu ya mashabiki ya mtindo wa Thief iliyotoka 2009 juu ya gemu ya Doom 3 na kusimama yenyewe 2013, inageuza dunia kinyume: mwanzoni ni utupu, na wewe unajenga kuta. Ukiacha tundu dogo kuelekea utupu, ramani inavuja na haijengeki, na kihariri kinakuchorea mstari hadi penye uvujaji. Sauti yake pia hupita kwenye milango isiyoonekana ambayo mjenzi ameiweka kati ya eneo na eneo. Akiikosea, mlinzi anasikia asichopaswa, kama tu kwenye DromEd.

Kufungasha kuna mitego yake midogo. Misheni ya kwanza ya mashabiki kwa desturi ni miss20.mis, nayo inawekwa kwenye faili ya zip pamoja na folda za strings, books, obj, fam na snd kama zipo. Vyote vikae juu kabisa ndani ya zip. Ukifungasha folda ndani ya folda, programu inayopakia misheni haitaiona.

Maandishi ya malengo na barua za ndani ya gemu yako kwenye faili za .str, mstari kama page_0: ukifuatiwa na maneno ndani ya alama za kunukuu. Alama hiyo hiyo ikitokea katikati ya sentensi, barua inakatika hapohapo, kwa hiyo maneno ya mhusika nukuu kwa alama moja moja. Misheni nyingi zimeshatafsiriwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kirusi, na wenye herufi zisizokuwamo kwenye fonti ya gemu walilazimika kwanza kuichora upya. Kiswahili hakihitaji hilo: herufi zetu zote zimo tayari, hata ng' ni herufi mbili na apostrofi. Atakayetaka kuandika barua za kasri lake kwa Kiswahili, afungue books, aandike, na ajaribu kuzisoma ndani ya gemu, kwa sababu maneno yetu ni marefu na ukurasa wa kitabu cha Thief ni mwembamba.