Je, wajua kwa nini watoto 210 wanatosha kuisemea nchi nzima?

Nilipoanza kusoma epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa na afya vinavyosambaa katika jamii, nilikuwa na hakika na jambo moja: anayetaka kujua hali ya watu milioni kumi lazima ahoji wengi zaidi kuliko anayetaka kujua hali ya watu elfu moja. Hata kiwango nilikuwa nacho kichwani, asilimia kumi. Elfu moja, hoji mia. Milioni kumi, hoji milioni. Kwenye zoezi la kwanza la darasani nikaandika hivyo, tena kwa wino. Mwalimu hakunipiga alama ya kosa. Aliandika pembeni: "Nani atawalipa wadadisi?"

Jibu sahihi linaudhi kidogo. Tuseme unataka kujua asilimia ya watoto waliochanjwa surua, na umeridhika na makadirio yanayoweza kupotoka pointi kumi za asilimia juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, yaani ukirudia zoezi mara 100, kama mara 95 hutavuka mipaka hiyo. Kama watoto wote ni 1,000, unahitaji kuwachagua 88 kwa bahati nasibu. Wakiwa milioni moja, unahitaji 96. Wakiwa milioni kumi, ni 96 vilevile. Umma umeongezeka mara elfu kumi, na sampuli, yaani kundi unalolichagua, imeongezeka kwa watoto wanane.

Mimi namba hizo niliziona, nikazikokotoa mwenyewe, na bado sikuziamini. Kilichonisaidia ni gunia la shanga. Ndani yake, shanga saba katika kila kumi ni nyeusi, zilizobaki ni nyeupe, na zimechanganywa vizuri. Unafumba macho na kutoa moja. Uwezekano wa kutoa nyeusi ni saba katika kumi. Sasa badala ya gunia, weka lori zima la shanga zilizochanganywa vivyo hivyo. Toa moja: saba katika kumi. Mkono unaoingia ndani haujui kama umeingia kwenye gunia au kwenye lori. Kosa la makadirio linatokana na mkono huo kubahatisha vibaya, na kubahatisha vibaya kunapungua kadiri unavyotoa shanga nyingi, bila kujali zilizobaki ni ngapi.

Ila kama chombo ni kikombe chenye shanga ishirini, ukishatoa kumi umeona nusu ya vyote vilivyomo. Kilichobaki cha kukudanganya ni kidogo. Ndiyo maana elfu moja walihitaji 88 tu. Nilikuwa nimeshika jambo kinyume: nchi kubwa haitozwi nyongeza, ni kijiji kidogo kinachopewa punguzo.

Kinachogharimu kweli ni usahihi. Ukitaka makadirio yapotoke pointi tano badala ya kumi, 96 wanakuwa 384. Kosa limepungua nusu, kazi imeongezeka mara nne.

Basi 210 wametoka wapi? Wametoka miguuni. Watoto 96 waliochaguliwa mmoja mmoja kutoka nchi nzima ni safari 96, pengine kila moja kwa mtoto mmoja. Mbinu iliyochipuka katika kampeni za kutokomeza ndui Afrika Magharibi miaka ya 1960, kisha Shirika la Afya Duniani likaisambaza pamoja na mpango wake wa chanjo, ni kwenda sehemu 30 na kutafuta watoto saba kila sehemu, kwa kawaida wenye umri wa miezi 12 hadi 23.

Lakini majirani wanafanana. Wanakwenda kliniki moja, wanahudumiwa na muuguzi yuleyule, na jokofu la chanjo likiharibika wanarudishwa wote. Kuwahoji saba wa mtaa mmoja ni kama kuwauliza abiria saba wa basi moja iwapo basi lilichelewa. Wa kwanza amekupa habari, na wa saba amekubaliana na wenzake. Waliobuni mbinu hii walichukulia kwamba mfanano huo unapunguza thamani ya kila mtoto kwa nusu, hivyo 96 wakazidishwa mara mbili: 192. Gawanya kwa sehemu 30, unapata 6.4. Mtoto wa nukta nne hayupo, wakapandisha hadi saba. Saba mara thelathini, 210. Hiyo "mara mbili" ni dhana tu, si sheria ya maumbile. Pale ambapo kijiji kizima kimechanjwa na cha jirani kimekosa kabisa, mfanano ni mkubwa zaidi, na 210 wanasema kidogo kuliko wanavyoonekana.

Na yote haya yanadai kwamba shanga zimechanganywa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura milioni 10 hivi, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Landon angemshinda Roosevelt, rais aliyekuwa madarakani. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na waliojisumbua kujibu hawakufanana na walionyamaza. Kwa imani yangu ya zamani kwamba wingi ndio usahihi, jarida lile lilifanya kazi safi.

Wadadisi wa chanjo huchanganya hivi. Panga vijiji na miji yote kama barabara moja, kila mahali pakichukua urefu wa idadi ya watu wake. Wakiwa 600,000, gawanya kwa 30: kigingi kila baada ya watu 20,000. Chagua kwa bahati nasibu pa kuanzia, tuseme mtu wa 7,431, kisha 27,431, kisha 47,431. Mji mkubwa unaweza kuangukiwa na vigingi viwili au vitatu, na kijiji kidogo kikarukwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Ndani ya kijiji mambo yalikuwa ya kienyeji zaidi, na hapa ndipo ninapoipenda fani hii. Timu ilisimama katikati ya kijiji, ikazungusha chupa chini, ikafuata upande mdomo ulikoelekea, ikahesabu nyumba hadi mwisho wa kijiji. Nyumba ya kuanzia ilichaguliwa kwa namba ya bahati nasibu, na aliyekosa jedwali la namba hizo aliweza kutumia namba za noti iliyokuwa mfukoni. Baada ya hapo, mlango ulio karibu zaidi, na unaofuata, hadi watoto saba watimie. Tatizo ni kwamba nyumba za katikati hupata nafasi kubwa kuliko za pembezoni, na palipofungwa paliweza kurukwa bila kurudiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 uliachana na chupa na pia na 30 kwa saba kama kanuni ya kudumu. Sasa kaya huorodheshwa kwanza, zinachaguliwa kutoka kwenye orodha, na mdadisi hurudi palipofungwa.

Kuna jambo moja ambalo 210 hawakuwahi kuliweza. Wakisema asilimia 75 wamechanjwa, ukweli unaweza kuwa 66 au 84, na ni wa nchi nzima kwa jumla. Atakayeuliza "na kila wilaya je?" ameomba utafiti mpya kwa kila wilaya, kwa sababu wilaya nayo ni gunia lake. Wilaya ishirini ni watoto 4,200, na swali la mwalimu wangu linarudi palepale pembeni mwa karatasi.