Kwa nini mnara wa bomba la bia hulegea hata ukikaza skrubu?

Tangu Rais Jimmy Carter atie saini mwaka 1978 sheria iliyoruhusu Wamarekani kutengeneza bia nyumbani, friji ya kegi, yaani pipa la chuma la bia, si kitu kigeni kwenye gereji za huko. Ndani mna kegi, mara nyingi ile ya lita 19 iliyoundwa kwa ajili ya soda, pamoja na mtungi wa gesi, na juu ya friji umesimama mnara wa chuma wenye bomba. Siku zikipita, mnara huanza kuyumba. Unavuta mkono wa bomba, nao mnara mzima unainama kukuitikia.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba skrubu zimelegea, lete bisibisi ukaze. Dawa hiyo hudumu wiki moja. Kwanza, hakikisha ni mnara kweli: shika nguzo kwa mkono mmoja, tikisa bomba kwa mwingine. Kama ni bomba tu linalogeuka, tatizo ni nati ya shingoni mwake, ambayo hukazwa kwa spana yenye ndoano. Nguzo yenyewe ikicheza, tazama skrubu zimeshika nini. Juu ya friji nyingi ni bati jembamba au plastiki, chini yake foma ya kuzuia joto. Foma haishiki skrubu. Kazi yote inafanywa na ukingo wa bati, na ukingo huo ukishaliwa skrubu huzunguka bure. Kila ukikaza unazidi kuutafuna. Ukileta skrubu nene zaidi, nayo itang'ata bati lilelile. Vijiti vya meno na gundi? Vinafaa pale ambapo kitako cha mnara kimekaa juu ya mbao. Kwenye bati havina pa kujishikiza.

Kinachokula bati ni wenzo. Fikiria nyundo yenye meno ya kung'olea misumari: unavuta mpini mrefu, kichwa kinaegemea ubao, msumari unatoka bila jasho. Hapa mpini ni mnara, pa kuegemea ni ukingo wa mbele wa kitako, na misumari ni skrubu za nyuma. Tuseme bomba liko sentimita 30 juu ya friji, na skrubu hizo ziko sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 2, zenyewe zinainuliwa kwa kilo 6 hivi. Ukisukuma mkono kufunga, ni zamu ya skrubu za mbele. Kwa hiyo kila glasi ni kung'oa mara mbili, na wageni wenye mikono mizito hawakosekani.

Ndiyo maana tiba ni bolti nne zinazopenya hadi ndani ya friji, zikiwa na washa pana na kipande cha plaiwudi au bamba la chuma darini. Usikaze kwa hasira; foma hubonyea na bati likafanya bonde.

Kabla ya kutoboa, jihadhari na mabomba ya gesi ya friji yenyewe, ambayo huweza kufichwa kutani au hata juu. Friji nyingi mpya hutumia isobutani, gesi inayowaka. Watengeneza bia wana hila moja ya ajabu: wanakoroga wanga wa mahindi kwa spiriti, wanapaka juu ya friji, kisha wanawasha friji ianze kufanya kazi. Panapokauka na kuwa peupe kwanza ndipo bomba lenye joto linapopita. Hila hii haioneshi nyaya, wala bomba lililo ndani zaidi, hivyo toboa bati tu, kisha chimbua foma polepole kwa mkono. Spiriti nayo inawaka, fungua dirisha.

Mnara uliolegea pia hupitisha hewa ya joto kwenye gasketi, ile raba ya kuziba chini ya kitako, bia iliyo kwenye mpira unaopanda ndani ya mnara ikapata joto, na glasi ya kwanza ikajaa povu. Wengi hukimbilia kupunguza presha ya gesi ya mtungi, jambo linaloongeza povu kwa sababu gesi huanza kutoka kwenye bia ikiwa bado njiani. Kama bia iko nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, iache presha kwenye 10 hadi 12 psi (kipimo kilicho kwenye geji ya mtungi), ubadilishe gasketi.