Ua la Sturt si njegere ya kupika

Ukiliona pichani unaweza kuapa ni la plastiki: petali nyekundu kama damu, na katikati kiuvimbe cheusi kinachong'aa kama jicho la ng'ombe. Ni ua halisi la majangwa ya Australia, kwa Kiingereza Sturt's desert pea (njegere ya jangwani ya Sturt), Swainsona formosa kwa jina la kitaalamu, ndugu wa kunde, choroko na mkrismasi.

Wengi husema liligunduliwa na mpelelezi Mwingereza Charles Sturt. Yeye alilikuta kwa wingi mwaka 1844 akielekea katikati ya bara, na jina lake likaligandia ua. Lakini baharia Mwingereza William Dampier alishalichuma mwaka 1699 visiwani kaskazini magharibi mwa Australia. Ua lake lililokaushwa lipo Oxford hadi leo. Wenyeji wa asili, bila shaka, hawakuwangoja hao wawili.

Dhana inayowaponza wapanda maua ni ya mbegu: haikuota, basi imekufa. Hapana, imejifungia. Ganda lake ni gumu hata maji hayapenyi, ndiyo maana hulala mchangani miaka na miaka, kisha mvua kubwa ikinyesha uwanda mwekundu unafunikwa maua. Nyumbani, isugue kidogo kwa msasa, au imwagie maji ya moto na uiache ilale humo, kama wafanyavyo watu wa vitalu kwa mbegu za mkrismasi. Asubuhi iliyovimba imekubali. Iliyobaki ndogo irudishe kwenye msasa.

Usiipande kwenye kopo ukitegemea kuihamisha baadaye. Mzizi mkuu huzama chini upesi na hautaki kuguswa. Wala usidhani mmea wa jangwani haujali udongo: maji yakituama, unaoza. Unataka mchanga na jua, utambae. Matawi hufika mita 2, na majani yana vinyweleo vya kijivu vinavyopunguza upotevu wa maji.

Eti kwa kuwa Kiingereza kinaliita njegere, linaliwa? Usijaribu. Baadhi ya binamu zake wa Swainsona wana sumu inayowapepesusha ng'ombe na kondoo.

Na si ua la kujichumia tu. Ni nembo ya jimbo la South Australia tangu 1961, na huko kulichuma kwenye ardhi ya serikali bila kibali ni kosa. Kwenye shamba la mtu, unahitaji ruhusa yake ya maandishi. Picha, piga utakavyo.