Jani Kwanza, Patasi Baadaye

Nikitaka kuchapa picha ya mmea, hatua ya kwanza ni kuchuma jani. Nalipaka wino mwembamba kwa rola, nalifunika kwa karatasi, kisha nasugua kwa mgongo wa kijiko. Wino unapakwa upande wa chini, si ule wa juu unaong'aa, kwa sababu chini ndiko mishipa inakochomoza. Leonardo da Vinci naye aliacha chapa ya jani katika madaftari yake, aliyoipata kwa masizi na mafuta.

Chapa hiyo siiuzi. Ni ya kunisomesha. Chukua jani la mpera: ukilichora kwa kukumbuka, utaivuta mishipa ya pembeni hadi ukingoni. Chapa inakukatalia. Kabla ya kufika ukingoni, kila mshipa unakunja na kujiunga na ule unaoufuata.

Baada ya hapo ndipo nachonga lino, kibao cha kuchapia picha yenyewe. Ni mchanganyiko wa mafuta ya kitani na unga wa gome lile la vizibo, uliolazwa juu ya kitambaa cha juti. Frederick Walton wa Uingereza aliupatia hataza mwaka 1863, akiwaza sakafu, si sanaa. Ikiwa ngumu, naianika juani kidogo, na patasi inapita bila kukwaruza. Ninapochonga panabaki peupe, basi mishipa iliyokuwa myeusi kwenye chapa ya jani sasa inageuka myeupe. Naona hivi ni sahihi zaidi, kwani ukilitazama jani bustanini unaona mishipa iliyofifia juu ya kijani kilichokolea.

Mtego mkubwa ni mimea inayojizungusha. Kibao hugeuza kila kitu kushoto kulia. Maharage yanayotambaa hupanda mti, kwa upande unaokutazama, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Sahau kugeuza mchoro, na maharage yako yatapanda kwa namna ambayo hayapandi popote duniani. Kwa viazi vikuu ni hatari zaidi: aina nyingine hujipinda kulia, nyingine kushoto, na wajuzi huzitofautisha kwa hilo hilo. Kwa hiyo nachora kwenye karatasi angavu, naigeuza, ndipo nanakili kwenye lino.

Rangi? Nyeusi karibu siku zote. Kijani cha kopo kinapiga kelele mno; nikilazimika kukitumia, nakitilia wekundu kidogo hadi kitulie.