Mwambao, Ngome na hati zake: tunayosimuliana na yaliyoandikwa

Mombasa kila baraza lina mwanahistoria wake. Kahawa tungu ikishamiminwa, utaambiwa nani aliijenga Ngome, yaani Fort Jesus, nani aliuza Mwambao, ukanda wetu wa Pwani, na karatasi zimefichwa wapi. Mengine ni kweli tupu. Mengine yamesimuliwa hadi yakaota mvi, na ukiingia nayo kwenye maonyesho ya historia ya siasa, hutaona kilicho mbele yako.

"Mwambao ulikodishwa kwa Kenya miaka 50, na muda uliisha 2013."

Hii huwasha moto mhadhara wowote wa wazi. Kukodisha kulikuwepo, ila si huko. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza wautawale ukanda wa maili 10 kwa malipo ya kila mwaka, naye akabaki mwenye mamlaka. Ndiyo maana bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome, na tangu 1920 nchi ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Himaya ndiyo Pwani. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakaandikiana barua, na Sultani akaridhia kuachia mamlaka yake. Ndani ya barua hizo hamna miaka 50 wala 100. Hamna tarehe ya kurudisha kitu.

Kilichomo ni ahadi: uhuru wa kuabudu, mahakama za Kadhi, ambazo zimo hadi leo katika Katiba ya 2010, Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu kadiri itakavyowezekana, maafisa wa utawala Waislamu penye Waislamu wengi, tena kadiri itakavyowezekana, na kutambuliwa kwa hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Hiyo ya mwisho isome mara mbili. Sheria ya 1908 ilimtaka anayedai ardhi ya Pwani ajitokeze asajiliwe. Wamijikenda wengi, wenyeji wa Pwani, hawakupata karatasi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ahadi ya 1963 ikamlinda mwenye hati. Aliyekuwa na minazi ya babu yake tu, bila karatasi, akaitwa skwota juu ya shamba lilelile. Mimi naona malalamiko ya Pwani yana nguvu hapa kuliko kwenye tarehe ya kubuni, na inaudhi kuona watu wakiiacha hoja yenye ushahidi na kung'ang'ania isiyo nao.

"Ngome ni ya Waarabu."

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Hilo limekwisha. Ila ukifika langoni, inua macho kabla mwongoza wageni hajakuharakisha: juu pana maandishi ya kamanda Mreno Francisco de Seixas de Cabreira, akijisifia miji ya Pwani aliyoitiisha. Yaliwekwa miaka michache baada ya Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, kuwageuka Wareno na kuiteka Ngome, Agosti 1631. Huyu alilelewa na Wareno huko Goa, India, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo. Jiwe linasema ya kamanda. Ya Yusuf itabidi uyaulize, na kuuliza ndiyo kazi ya matembezi ya Ngome.

"Pwani ilikaa ikingoja uhuru uletwe kutoka bara."

Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa bandarini, watu wa reli, wa hotelini, maelfu waligoma, na mikutano yao ikafanyika kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyekuja kuwaongoza, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kuzuiliwa Baringo. Na Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alikwishakamatwa tangu 1913. Maonyesho ya uhuru yanayoanzia 1952, mwaka wa hali ya hatari ya Mau Mau, yanaruka hayo yote, na mtazamaji ana haki ya kuuliza kwa nini.

"Makumbusho ni ya watalii." Mwananchi hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni. Basi.

"Hati ya kweli wameificha, tunaonyeshwa nakala."

Nakala, naam, mara nyingi. Mwanga hufifisha wino na kuichosha karatasi, na uharibifu huo haurudi nyuma. Wahifadhi huweka mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa hati nyeti, ndipo unakuta chumba kina kiza ukadhani umeme haujalipiwa. Hati yenyewe imelazwa kwenye kasha, na kulazwa si kufichwa. Kwa sheria ya Kenya, majalada ya serikali yaliyotimiza miaka 30 kwa kawaida huwa wazi kwa umma, na kuyasoma hakuhitaji uprofesa: unajiandikisha kwenye Nyaraka za Taifa, unalipa ada, unaomba jalada. Nenda na penseli. Kalamu ya wino kwa kawaida hairuhusiwi mezani penye karatasi kongwe.