Mwinuko wa katikati si kasoro ya ubao wa theluji

Vijana wa Tabora wanaofuatilia Olimpiki ya majira ya baridi wana hoja moja: ubao wa kuteleza kwenye theluji ukilazwa sakafuni na katikati ukainuka, umepinda, haufai. Kwa seremala anayefumba jicho moja kukagua mbao za mninga, hukumu hiyo ni halali. Kwa ubao wa theluji, sivyo hata kidogo.

Mwinuko huo huwekwa makusudi kiwandani. Mtelezaji akisimama, uzito wake huukandamiza, nao hukaza kama upinde: msukumo husambaa hadi karibu na ncha zote mbili, na ukingo wa chuma hung'ata theluji ngumu kwa urefu wake. Tena ubao ni mwembamba kiunoni. Ukiulaza ubavu, hujikunja na kuchora tao safi bila kuburura. Hapo ndipo utamu ulipo! Mbio za slalomu kubwa sambamba, ambapo wawili hushuka bega kwa bega wakizunguka vijiti, alizoshinda Mcheki Ester Ledecká kwenye Olimpiki mwaka 2018 na 2022, zinategemea mng'ato huo.

Ubao uliopinda kinyume, ncha zikiwa juu, huelea vizuri kwenye theluji laini yenye kina, ila kwenye barafu hushika kidogo.